Vita vya 1914–1918 Afrika Mashariki: umsome jemadari, mpelelezi au daktari?

Swali huja hivi: "Nataka kusoma habari za mapigano ya Tanga na Mahiwa kutoka kwa waliokuwapo wenyewe. Nianze na nani?" Anayeuliza aghalabu amekwisha kulisikia jina la Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, na pengine la Meinertzhagen, mpelelezi wa Waingereza, ambalo hata kulitamka ni kazi. Anatarajia nimchagulie mmoja wa hao wawili. Mimi humwambia aanze na daktari.

Vita hivi viliangusha watu kwa homa, kuhara na njaa kuliko kwa risasi, na picha za mizinga na bendera tulizozoea hazituonyeshi hilo. Kikosi cha Pili cha Rhodesia, kilichokuwa upande wa Waingereza tangu Machi 1915 hadi Januari 1917, kilikuwa na watu 1,038. Waliouawa vitani ni 36. Lakini daftari za wagonjwa zina maingizo zaidi ya 10,000, maana mtu alilazwa, akatoka, akalazwa tena, na zaidi ya 3,000 kati ya hayo ni malaria. Kikosi cha 9 cha Afrika Kusini kilifika Februari 1916 kikiwa na watu 1,135, na ilipofika Oktoba waliobaki wazima walikuwa 116. Ukimsoma jemadari peke yake, unasoma habari za wale 36. Hao wengine wako kwenye kitabu cha daktari.

Nimesema hilo mapema ili ujue ngoma naivutia wapi. Sasa tuwaweke pamoja.

Tazama kwanza mwaka wa kitabu

Kabla ya jina la mwandishi, tazama kitabu kimechapwa lini. Francis Brett Young, daktari wa jeshi la Uingereza, alitoa *Marching on Tanga* mwaka 1917, wakati risasi bado zinalia kusini mwa Tanganyika. Robert Dolbey, naye daktari wa jeshi hilohilo, akafuata mwaka 1918 na *Sketches of the East Africa Campaign*. Mwaka 1919 vikatoka vya Kapteni Angus Buchanan, Kapteni W. D. Downes na daktari Mjerumani Ludwig Deppe. Paul von Lettow-Vorbeck alitoa kumbukumbu zake mwaka 1920, kwa Kijerumani, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka mwaka uleule. Richard Meinertzhagen alisubiri mpaka 1960 ndipo akachapisha *Army Diary*.

Tofauti hiyo ya miaka ni kubwa kuliko tofauti ya bendera. Anayeandika vita vikiendelea ana macho mabichi: harufu ya kambi bado iko puani, vumbi bado liko kwenye viatu. Ila hawezi kumsema mkubwa wake, na adui hana budi kuwa shetani. Dolbey amejaa ubaya wa Mjerumani mpaka unachoka. Anayeandika mwaka 1919 au 1920 amekwisha kujua nani kashinda, kwa hiyo ana jambo la kutetea. Na anayeandika mwaka 1960 hana wa kumbishia. Wakubwa wake wa mwaka 1914 wamekufa, wenzake wamezeeka, naye ana taipureta.

Lettow alikuwa na la kutetea kuliko wote. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliinyang'anya Ujerumani makoloni yake yote, na hoja mojawapo iliyotolewa ni kwamba Wajerumani hawakufaa kutawala watu. Ukikijua hilo, utaelewa kwa nini kila baada ya kurasa chache anarudi kwenye uaminifu wa askari wake Waafrika. Uaminifu ulikuwapo, hakuna anayekataa. Pale Abercorn, ambako sasa ni Mbala nchini Zambia, alipoweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 alikuwa na Wazungu 155 na askari zaidi ya 1,100, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Lakini wapo pia waliotoroka njiani, na wapo wapagazi waliobebeshwa mizigo bila kuulizwa, na hao katika kitabu chake wanapita kama kivuli cha mti. Msomaji wa 1920 mjini Leipzig hakuhitaji kuwaona.

Tanga, usiku mmoja, vitabu viwili

Ukitaka kuona tofauti ya hawa waandishi bila kusoma vitabu vizima, fungua kila kimoja mahali pa Tanga, Novemba 1914. Waingereza walileta kikosi kutoka India, kama watu 8,000, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Lettow alikuwa na watu elfu moja na kidogo. Waingereza wakashindwa, wakapoteza zaidi ya watu 800 kwa vifo, majeraha na kupotea, na tarehe 5 wakarudi melini.

Lettow anasimulia kama mtu anayeandika ripoti, na ghafla anakupa kitu ambacho huwezi kukisahau. Usiku wa kuamkia tarehe 4 anashuka kwenye treni Kange, anachukua baiskeli, anaingia mjini na wenzake wawili. Mji ni mtupu. Mbalamwezi inaangaza nyumba nyeupe. Anafika mpaka bandarini, anaziona meli za adui zimewaka taa tele na zina kelele, na jambo linalomsumbua ni kwamba mizinga yake miwili haijafika. Luteni kanali, mkuu wa jeshi zima la koloni, kwenye baiskeli usiku, mbele ya mitaro ya watu wake. Hapo ndipo nguvu ya kitabu chake ilipo: anakufanya uione ardhi kama yeye alivyoiona, barabara iko wapi, reli iko wapi, ubavu gani wa adui uko wazi. Baada ya mapigano anahesabu alichokiokota kama mfanyabiashara anayefunga duka: bunduki za kisasa za kutosha kombania zaidi ya tatu, risasi 600,000, bunduki za rashasha 16.

Anakiri pia kosa, na hili nampa sifa. Jioni ile tarumbeta ilipigwa, ikaeleweka vibaya, na watu wake wengi wakarudi nyuma mpaka kambini Kange. Tanga ikabaki haina mtu usiku kucha, na Waingereza hawakujua. Jemadari mwingine angeifuta habari hiyo.

Meinertzhagen alikuwa upande wa pili, kapteni, ofisa wa upelelezi wa kikosi cha Aitken. Kurasa zake za Tanga ndizo tamu kuliko zote zilizoandikwa juu ya siku zile. Kila mtu ni mjinga isipokuwa yeye. Aitken ana kiburi, nahodha wa manowari ya Fox anawaambia Wajerumani kabla kwamba mapatano ya kutopigana Tanga yamekwisha, askari wa Kihindi wanakimbia, na yeye Meinertzhagen alionya yote hayo mapema. Kisha anapelekwa kwa Wajerumani na bendera nyeupe kushughulikia majeruhi, wanampokea kwa adabu, wanazungumzia vita kama watu waliotoka kucheza mpira. Ukimaliza unajiona ulikuwapo.

Shida ni kwamba msema pweke hashindwi. Shajara zake zilizohifadhiwa ni karatasi zilizopigwa taipu, si daftari za kambini zenye jasho na matope, na watafiti wameonyesha mahali pengi ambapo tarehe na mambo hayaendani na kumbukumbu nyingine. Mwaka 2007 kilitoka kitabu kizima kinachochambua uongo wake. Wataalamu wa ndege wa porini nao, maana alikuwa pia mkusanyaji wa ndege hao, waligundua kwamba aliiba vielelezo kwenye makumbusho na kuvibandika lebo mpya zenye mahali na tarehe za uongo. Mtu anayeweza kumdanganyia ndege aliyekufa alikokamatwa, utamwaminije kuhusu alichomwambia jenerali mwaka 1914 bila shahidi?

Kwa msomaji wa Kenya jambo hili lina uzito wa pekee. Tarehe 19 Oktoba 1905 Meinertzhagen alikwenda kukutana na Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, na Koitalel akauawa pamoja na watu wake. Katika shajara yake ya Kenya, iliyochapwa 1957, anadai kwamba yeye ndiye aliyetegewa mtego. Wanandi wanakumbuka kwamba Koitalel alipigwa risasi alipokuwa akimpa mkono. Ilibidi ziundwe tume za uchunguzi mara tatu. Akasafishwa, kisha akaondolewa nchini. Basi usimsome Meinertzhagen wa Tanga kabla hujakumbuka huyu wa Nandi.

Na nyuki je? Wote wanawataja, na hapa unaweza kuwapima. Waingereza walipenda kuamini kwamba Wajerumani waliwategea nyuki kama silaha. Lettow anasema nyuki waliwashambulia hata watu wake, wakawaondoa wapiga rashasha kwenye bunduki zao. Ukifikiri kidogo: mizinga ya nyuki inaning'inia kwenye miti, risasi zinapasua mizinga, nyuki hawaulizi bendera. Namwamini Lettow.

Halafu kuna jina moja linalopita haraka katika mapigano yale: Kapteni Tom von Prince, aliyeuawa Tanga. Watu walimwita Bwana Sakarani. Huyo ndiye aliyepigana na Wahehe wa Mkwawa miaka ya 1890, na mwaka uleule wa 1914 kitabu chake mwenyewe kuhusu vita hivyo kilikuwa kimechapwa. Unayemtaka Mkwawa, ukumbuke kwamba na yeye anasimuliwa na aliyekuwa akimwinda.

Madaktari

Brett Young alikuwa mshairi na mwandishi wa riwaya kabla ya kuvaa sare, na inaonekana. Alifuatana na kile Kikosi cha Pili cha Rhodesia nilichokitaja, katika safari ya mwaka 1916 ya Jenerali Smuts, mkuu wa majeshi ya Waingereza, kushuka na mto Pangani, milima ya Pare ikiwa ubavuni. Jina la kitabu linakudanganya kidogo: anasema wanaelekea Tanga, lakini jeshi lilipinda kusini kwenda Handeni na Lukigura, na Tanga yenyewe ilichukuliwa Julai na kikosi kingine. Usinunue ukitafuta mapigano ya Tanga. Humo hayamo.

Kilichomo ni vumbi. Vumbi la magari na nyumbu, vichaka vya miiba visivyoonyesha hatua kumi mbele, kiu, mwangaza wa asubuhi milimani, halafu milio ya bunduki kutoka mahali usipopaona. Ndiyo mwandishi pekee katika hawa wote anayekubali kwamba hakujua kinachoendelea. Jemadari anakupa ramani. Huyu anakupa hali ya mtu aliye ndani ya ramani asiyeiona. Kisha wanaanza kuanguka kwa homa, mmoja mmoja, na machela zinakuwa nyingi kuliko bunduki. Aliyewahi kutembea nyika ya Mkomazi au Korogwe wakati wa kiangazi atacheka na kuguna: hapa napajua.

Udhaifu wake ni uzuri wake. Anaipenda mandhari mno hata watu wenyeji wanageuka sehemu ya mandhari. Wapagazi wamo, wanapita, wanaimba, lakini hawana majina.

Dolbey si mshairi. Ni daktari wa upasuaji mwenye hasira. Alikuwa ameshatekwa na Wajerumani huko Ulaya mwanzoni mwa vita na kitabu cha kwanza alikiandikia hayo, kwa hiyo chuki yake ilikuja nayo melini. Ila alifanya kazi hospitalini Morogoro baada ya Waingereza kuingia mjini Agosti 1916, na kurasa za chumba chake cha upasuaji ndizo za kusoma: vifaa vya kubahatisha, majeruhi waliosafirishwa siku nyingi kwenye barabara mbovu, wagonjwa wa kila rangi wakiletwa mlango mmoja. Ruka sura za siasa, baki na sura za wodi.

Sasa Deppe. Huyu yuko kwa Kijerumani, na kama husomi Kijerumani utamkuta akinukuliwa katika karibu kila historia nzito ya vita hivi, kwa sababu moja. Alikuwa daktari upande wa Lettow, alitembea safari ileile ambayo Lettow anaisimulia kama ushujaa, na akaandika mambo ambayo mkuu wake hakuyaandika. Anasema nyuma yao wameacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa inayokuja. Kwamba wao si tena wabeba ustaarabu. Kwamba njia waliyopita inatambulika kwa vifo, uporaji na vijiji vilivyohamwa. Akailinganisha na ile Vita ya Miaka Thelathini iliyoiangamiza nchi yake mwenyewe karne ya 17. Mtu huyu alikuwa ofisa wa jeshi hilohilo, na kitabu amekipa jina la mkuu wake: *Mit Lettow-Vorbeck durch Afrika*.

Weka sentensi hizo za Deppe kando ya kurasa ambazo Lettow anaeleza jinsi alivyokuwa hodari wa kulisha jeshi lake. Kweli alikuwa hodari. Anaeleza kwa fahari dawa ya kwinini iliyotengenezwa kwa magome kutoka Amani, Usambara, chungu kiasi kwamba watu wakaiita pombe ya Lettow. Viatu vilivyoshonwa kwa ngozi za huku. Mizinga ya meli Königsberg iliyozamishwa Rufiji Julai 1915, ikatolewa na kuvutwa nchi nzima. Sura hizo ni za kusisimua, na fundi yeyote atazifurahia. Lakini nafaka haikutengenezwa na magome. Ilitoka kwenye vihenge vya watu, upande huu na upande ule. Ugogo, majeshi yote mawili yalipokwisha kupita na kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana, ikaja njaa ya 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo waliiita Mtunya, na inakadiriwa watu 30,000 walikufa. Jina hilo halimo kwa Lettow.

Kuna daktari mwingine Mjerumani, August Hauer, aliyeandika miaka michache baada ya vita na kukiita kitabu chake *Kumbuke*. Kitabu cha Kijerumani chenye jina la Kiswahili, kwa wasomaji wa Ujerumani! Nani akumbuke, na akumbuke nini, hilo ni swali zuri la kuanzia nalo.

Mahiwa: aliyetega na aliyetegwa

Kama unataka mapigano hasa, usisome Tanga pekee. Tanga ni maarufu kwa sababu ni kichekesho cha Waingereza. Mahiwa, karibu na Nyangao kusini, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, ndipo damu ilipomwagika kuliko mahali pengine popote katika vita vile. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 kwa vifo na majeraha. Lettow alikuwa na watu kama 1,500 na akapoteza mamia, hasara ambayo hakuweza kuiziba. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Novemba, akavuka Rovuma kuingia Msumbiji.

Hapa Lettow ni mwalimu. Anaeleza kwamba alimjua jenerali aliyekuwa mbele yake, Beves, tangu mapigano ya Reata mwezi Machi 1916, kwamba ni mtu wa kuwasukuma askari wake moja kwa moja bila kujali hasara. Kwa hiyo akaimarisha katikati na kumwacha aje. Akaja, siku baada ya siku. Ukisoma kwa haraka unavutiwa na akili ya mtegaji. Ukisoma polepole unaona kwamba waliokuja siku baada ya siku walikuwa zaidi Waafrika, na waliowangoja kwenye mitaro walikuwa Waafrika.

Downes, kapteni wa kikosi cha Nigeria, ndiye dawa ya kurasa hizo. Kitabu chake, *With the Nigerians in German East Africa*, si kizuri kama fasihi. Kina majina mengi ya maofisa na vikosi na kinachosha. Lakini Mahiwa anaisimulia kutoka ndani ya mtego: brigedi imezingirwa, risasi zinapungua, maji na chakula havipo, na sauti ya mapigano ya wenzao wanaokuja kuwaokoa inasikika bila kufika. Anawasifia askari wake Wanaijeria kwa namna ya baba mkubwa, inaudhi, ila anawaona. Kwa mapigano haya nasema waziwazi: soma Downes kwanza, kisha Lettow. Ukianza na Lettow utakuwa umeshajua mwisho, na woga wa Downes utakuwa hauna maana.

Juzuu la kwanza la historia rasmi ya Uingereza, lililotoka 1941, linaishia mwaka 1916, na juzuu la pili halikuchapwa kamwe. Kwa hiyo Mahiwa haina hata hicho kitabu rasmi cha kuamulia ugomvi wao. Inabidi uamue mwenyewe.

Buchanan, kwa kifupi

Huyu ni wa wapenda wanyama na ndege. Alikuwa katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kundi la wazungu wa ajabu: wawindaji, wasafiri, watu wa sarakasi za maisha, pamoja na mwindaji mzee Frederick Selous aliyeuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 na ambaye pori kubwa la Rufiji lilipewa jina lake. Kitabu kinasomeka vizuri, kina mvua na mbu vya kutosha. Mapigano yake yako sawa, si zaidi. Ningemweka wa nne au wa tano.

Wasioandika

Maofisa wote niliowataja ni Wazungu. Hata maefendi, wale Waafrika wachache waliokuwa na cheo cha ofisa katika jeshi la Kijerumani, hawamo kwenye rafu hii. Waingereza waliandikisha wapagazi kiasi cha milioni moja kwa vita vile, na vifo vilivyoandikwa tu vinapita 95,000. Sanamu ya askari ya Nairobi inawaita miguu na mikono ya jeshi. Majina yao tunayasema kila siku bila kuyajua: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni Carrier Corps iliyopita kwenye ndimi zetu.

Kwa hiyo ukishachagua ofisa wako, mpe jirani kwenye rafu asiye ofisa. Martin Kayamba, karani Mwafrika aliyefungwa Tabora na Wajerumani wakati wa vita, ana masimulizi ya maisha yake yaliyochapwa 1936. Na ukitaka kuona Kiswahili kinavyosimulia vita vya ukoloni kwa sauti yake chenyewe, rudi nyuma kidogo: *Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima* wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, juu ya vita vya pwani vya Abushiri, na *Utenzi wa Vita vya Maji-Maji* wa Abdul Karim bin Jamaliddini. Msomaji wa tenzi hizo anaposhika kitabu cha gavana Götzen cha 1909 juu ya Maji Maji anakuwa na cha kubishana nacho. Gavana huyo anazungumzia uasi uliokomeshwa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliotumwa vijijini mwaka 1968 kuwahoji wazee walikuta watu wanaozungumzia vita.

Basi uchukue kipi?

Mwanafunzi mwenye insha ya mapigano na ramani mezani: Lettow, tafsiri ya Kiingereza, pamoja na kurasa za Deppe zinazonukuliwa katika vitabu vya historia. Usimtumie Lettow bila Deppe. Mwalimu atakayesoma kwa sauti darasani: Brett Young, sura za Pangani, aya fupi fupi, na umwombe mwanafunzi mmoja ahesabu mara ngapi mpagazi anatajwa. Aliyetoka familia ya kusini, Lindi au Masasi, anayetaka kujua babu zake waliyapita yapi: Downes, hata kama anachosha, kwa sababu vijiji vile vimo. Anayetaka tu kufurahia jioni: Meinertzhagen, na kalamu nyekundu mkononi. Anajisifu huko kwamba aliokota karatasi zilizotumika vyooni kwenye kambi za Wajerumani, akasoma barua na amri zilizochanwa, na kwamba ndiyo iliyokuwa njia bora ya upelelezi vitani. Hadithi hiyo nimeisikia ikirudiwa mara nyingi, na kila mara anayerudia anacheka. Huenda hata ni kweli.

Vingi katika vitabu hivi vya 1917 hadi 1920 vimezeeka kiasi kwamba haki miliki imekwisha katika nchi nyingi, vinapakuliwa bure mtandaoni, picha na ramani zake zikiwamo. Cha Meinertzhagen bado ni cha kununua, tena kuukuu. Mpangilio wangu, kama wiki tatu zinatosha: Brett Young wiki ya kwanza, Downes na Lettow kwa pamoja ya pili ukifungua Mahiwa kwa wote wawili siku moja, Dolbey ya tatu kwa kurasa za Morogoro. Meinertzhagen mweke safarini, ndani ya basi, ambako hakuna atakayekuuliza chanzo chake.